Muziki Uliopita Juu ya Ukuta

Mwanangu ana hakika kwamba mimi sijui lolote kuhusu gemu. Jumamosi iliyopita alinivua miwani, akanivisha hedifoni zake na kuniamuru nifumbe macho.

"Sikiza hii, Mama. Wameleta okestra nzima. Mpaka kwaya imo."

Nikasikiza. Kweli fidla zilipanda na kushuka, ngoma zikanguruma kwa mbali, na sauti za watu wengi zikaimba kwa lugha ambayo nadhani haina wenyewe. Ilipendeza. Muziki ulipokwisha nikamwambia, "Haya, sasa niimbie."

"Nikuimbie nini?"

"Muziki huo huo. Umelicheza gemu hilo tangu shule zifungwe. Niimbie kipande kimoja tu."

Akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Akasema huo si muziki wa kuimba, ni wa kusikiza tu.

Huenda anasema kweli, maana masikio ni yake na zama ni zake. Lakini sisi wa rika langu tulianza na mashine zilizokuwa na sauti tatu au nne tu, nyembamba kama za mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Mtunzi mwenye sauti chache hivyo hakuwa na pa kujificha. Ilimbidi atunge kitu ambacho mtoto angeweza kukiimba huku akisugua sufuria, tena kifupi, akijua kwamba kitarudiwa na kurudiwa mpaka wenye nyumba wapige kelele, na bado kisichoshe. Nimeyatetea maoni haya kazini, kwenye harusi na hata matangani, na wanaonisikiza hudhani napenda tu vitu vya zamani.

Ila wakati nazivua zile hedifoni, sifongo yake ilikuwa imepata joto la masikio yangu, ikatoa harufu ya plastiki na vumbi lililopashwa moto. Harufu hiyo ikanichukua moja kwa moja mpaka Wiyoni, Lamu, kwenye nyumba ya kupanga iliyogawanywa mara mbili kwa ukuta ambao haukufika kwenye paa.

Mama alikuwa muuguzi. Aliomba uhamisho baada ya Baba kufariki, na mahali palipopatikana palikuwa Lamu, mbali kabisa na Ukambani tulikotoka. Mimi nilikuwa ndio kwanza naanza darasa la kwanza. Siku Baba alipozikwa sikupelekwa makaburini. Niliachwa kwa jirani aliyenipikia chapati, jambo ambalo kwetu lilifanyika Krismasi tu, na kwa muda mrefu nilichanganya mazishi na sikukuu. Watu wazima waliniambia Baba amepumzika. Mwingine akasema ametangulia. Shangazi yangu alisema amelala. Nikawa na baba aliyekuwa amelala, amepumzika na ametangulia, yote kwa pamoja, na hakuna hata moja kati ya hayo lililonizuia kumtarajia. Mama yeye hakusema kitu. Tangu tuliposhuka Lamu hakulitaja jina lake, nami nikajifunza kutouliza.

Shuleni watoto walikicheka Kiswahili changu cha bara. Hawakuwa na ubaya mkubwa, walikuwa watoto tu, lakini mimi nilikata shauri kunyamaza. Mwalimu akiniita nilisimama na kutazama viatu. Saa sita mchana tuliachiwa, nikarudi nyumbani, nikala wali uliofunikwa kwa sahani, kisha nikafunga mlango kwa ndani kama nilivyoagizwa na kukaa sakafuni, mgongo ukutani, mpaka Mama arudi jioni. Sakafu ilikuwa ya saruji na ilikuwa na baridi nzuri. Nje punda walipita na kwato zao, mtu akamwita mtu, adhana ikaita, kukatulia.

Hapo ndipo muziki ulipoanza kupita juu ya ukuta.

Siku ya kwanza nilidhani ni redio. Lakini redio ina watu wanaozungumza, na huu haukuwa na mtu. Ulikuwa unarukaruka, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amefurahi. Baada ya muda ukabadilika ukawa mzito, wenye mwangwi, nikaona giza. Kisha ukaja ule wa tatu, na huo ndio uliokuwa wangu. Ulikwenda polepole. Ulipanda hatua tatu, ukarudi moja, ukapanda tena, kama mtu anayechana nywele ndefu za mtu mwingine na hataki kumuumiza. Sikujua unatoka kwenye kitu gani. Nilijijengea mwenyewe nyumba ya upande wa pili: ina ngazi nyingi, ina ghala la giza chini yake, na chumba cha mwisho kina wanawake wanaosukana. Naamini mpaka leo kwamba mtu akitaka kujua kama muziki wa gemu ni mzuri, ausikie kwanza bila picha. Ukimpa nyumba ya kukaa, basi huo ni muziki.

Siku moja, katikati ya ule muziki wa kurukaruka, zikasikika sauti nne au tano zikiporomoka kama kikombe kinachobingirika, kisha kimya. Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana, kana kwamba tuko chumba kimoja:

"Ah! Mekufa tena!"

Nilikaa wima. Muziki ukaanza upya toka mwanzo, ule ule wa furaha. Baada ya kitambo kidogo ukaporomoka tena, na mwanamke akasema tena, safari hii kwa masikitiko, "Mekufa, maskini."

Nilikuwa mtoto wa muuguzi, na neno kufa nilikuwa nimelisikia. Lililonishika ni lile neno jingine. Tena. Hapo kwa jirani palikuwa na mtu ambaye alikufa, kisha mambo yakaanza upya na muziki juu yake, akafa tena, yakaanza upya. Na yule mwanamke hakulia wala kupiga mayowe. Alisema tu "maskini" na kungoja, kama anayejua kwamba mwenzake atarudi.

Jioni ile Mama alipokuwa akipakua nilimuuliza, "Mama, mtu anaweza kufa mara mbili?"

Mwiko ulisimama hewani. "Kula," akasema.

Basi sikuwa na wa kumuuliza isipokuwa yule mwanamke wa ng'ambo ya ukuta. Kwa siku kadhaa nilisikiza na kupanga maneno. Mwisho, alasiri moja sauti zilipoporomoka na mwanamke akasema maneno yake, nilifungua mlango niliokatazwa kufungua, nikazunguka nyumba na kupiga hodi.

"Karibu! Nani?"

Mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana, amejitanda leso, mrefu, mwenye hina iliyofifia vidoleni. Nilikuja kumjua kwa jina la Bi Salma. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Ah, mwana wa sista. Ndoo! Ndoo ndani."

Nikatazama huku na huku. Karibu na mlango kulikuwa na ndoo ya plastiki ya bluu, nusu ina maji. Nikaishika kwa mikono miwili na kuiingiza ndani, maji yakinimwagikia miguuni. Bi Salma alinitazama nikiiweka katikati ya mkeka wake, asielewe kitu. Kisha akaelewa, akaegemea mlango na kucheka mpaka leso ikamwanguka. Kwao ndoo ni njoo. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Watoto wa shule walipocheka nilinyamaza. Huyu alipocheka nilijikuta nataka aendelee. Alipofuta machozi akaniuliza nataka nini, nami nikatoa yale maneno niliyoyapanga.

"Yule anayekufa. Anarudi vipi?"

"Nani?"

"Yule unayesema amekufa tena. Akifa anarudi. Nataka kujua anarudi vipi."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akachuchumaa, mato yake yakawa sawa na yangu. Naandika mato kwa sababu yeye hakuwa na macho, alikuwa na mato.

"Nani alokufa, mwanangu?"

"Baba."

Lilikuwa neno dogo, na ilikuwa mara ya kwanza kulitoa kinywani tangu tutoke bara. Bi Salma hakunikumbatia wala kuniambia pole. Aliketi mkekani, akaivuta ile ndoo pembeni, akapigapiga mahali pa kukaa. "Keti nikuonyeshe."

Mbele yake palikuwa na televisheni yenye mgongo mnene, na chini yake kisanduku cha kijivu chenye kaseti ya gemu iliyobanduka karatasi. Nyuzi mbili zilitoka hapo, kila mmoja una kishikio chenye vitufe. Chumba kilinuka udi na ile harufu ya vumbi lililopata moto wa umeme. Na kwenye kioo alikuwa amesimama yeye mwenyewe, yule aliyekufa kila alasiri: kijitu cha samawati, kidogo kama ukucha wangu, kina kifuko mgongoni.

Sijawahi kuvunjika moyo vile. Ngazi zangu ziko wapi? Wanawake wangu wako wapi? Akabonyeza kitufe, kijitu kikaruka, muziki ukaruka nacho, kikagongana na kaa mwekundu na kuporomoka. "Wamuona? Mekufa. Sasa tazama." Kikasimama tena pale pale mwanzo. "Huyu si mtu. Ni mtezo. Alomtunga amemtia roho tatu. Zile pale juu, zihesabu."

Zilikuwa zimebaki mbili.

"Zikiisha?"

"Zikisha, basi."

"Baba alikuwa nazo ngapi?"

"Moya," akasema. "Kama mimi. Kama wewe."

Nilitazama kile kijitu. Nakumbuka sikulia. Nilihisi kitu kama kile mtu anachohisi anapokanyaga ngazi ya mwisho gizani akidhani bado kuna nyingine: mguu unatua kwa kishindo, lakini umetua. Kisha nikauliza swali ambalo sijui lilitoka wapi. "Aliitumia vizuri?"

"Hilo," akasema Bi Salma, "muulize mamako. Mimi simjui babako. Yeye ndiye amjuaye."

Jioni alikuja mwenyewe kwa Mama na sahani ya mahamri, wakazungumza mlangoni. Nilimsikia akisema, "Mama Mutheu, mwana akae na mimi mtana. Hata mimi niko pweke." Mama alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Toka siku hiyo alasiri zangu zikahamia upande wa pili wa ukuta.

Bi Salma alikuwa ameolewa na kijana aliyefanya kazi kwenye meli za Ughaibuni. Yule mume ndiye aliyenunua mashine ile, wakawa wanacheza pamoja katika miezi yao ya kwanza ya ndoa, kishikio kimoja kwake, kimoja kwa mkewe. Kisha akaenda zake. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Wakati nilipoanza kwenda pale simu zilikuwa zimeshaanza kuruka wiki, na Bi Salma alikuwa na namna yake ya kuiweka simu mkekani, uso juu, karibu na goti, tunapocheza.

Alinipa kile kishikio cha pili. Nilijifunza bustani, ule muziki wa kurukaruka. Nilijifunza pango, ule wa mwangwi. Yeye alikuwa hodari kuliko nilivyodhani nikiwa ng'ambo ya ukuta. Alikufa mara nyingi kwa sababu mawazo yake yalikuwa mbali. Lakini tulipofika hatua ya tatu, ya maji, kulitokea jambo ambalo sikulielewa. Kijitu kiliingia majini, ule muziki wa kuchana nywele ukaanza, na Bi Salma akaweka kishikio chini. Hakusonga mbele. Kijitu kilisimama kwenye mchanga wa chini, mapovu yakikitoka, samaki wa rangi wakipita juu yake wasikiguse. Tuliweza kukaa hivyo muda mrefu, yeye akishona vifundo vya kofia au kuchambua mchele, muziki ukizunguka na kuzunguka.

"Mbona hatuendi?" nilimuuliza siku moja.

"Hapa ndipo petu, mimi naye. Tulifika hapa, akaondoka. Alisema nimngoje, tutapita pamoya."

Nikadhani ni sheria ya gemu, kwamba hatua ile haipitiki mpaka mume arudi. Sikuiona ajabu. Mambo mengi wakati ule yalikuwa yanangoja mtu.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Marafiki zangu wanapotaja muziki wa gemu walioupenda, karibu wote hutaja wa mahali walipokwama. Bustani uliyoivuka kwa siku moja huikumbuki. Muziki wake umeupita kama unavyopita duka usilonunua kitu. Ila mahali uliposhindwa kwa likizo nzima, ukarudi, ukashindwa, ukaenda kulala nao kichwani, hapo muziki unakuwa chumba chako. Unajua kona zake zote. Watungaji wa siku hizi wana huruma mno, wanabadilisha muziki mtoto asichoke. Mimi nasema mwacheni achoke. Aliyetunga muziki ule wa maji hakuwahi kujua kwamba kuna mwanamke Wiyoni aliyekaa ndani yake karibu mwaka mzima, na mtoto kando yake, na haukutuchosha wala hatukuushiba.

Alasiri moja alikuja Bwana Omari, kaka wa mume. Alikuwa mtu mzima mpole, anayeongea huku akitazama kanzu yake. Bi Salma alinituma uani nikaanue nguo. Nilizianua, lakini uani na chumbani palitenganishwa na pazia tu.

"Shemeji," Bwana Omari alisema, "nimetumwa jambo zito. Wallahi, laiti angetumwa mwingine."

"Sema tu, Bwana Omari."

"Ametoa talaka. Amempigia baba yetu simu jana. Amesema moja, ya kurejeana, lakini amesema pia kwamba harejei."

Muziki wa maji ulikuwa unaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuupunguza sauti.

"Ana mwingine huko?"

Bwana Omari akakohoa. "Utakaa eda yako papa hapa mpaka miezi yake iishe, kodi iko juu yetu, usiwe na wasiwasi. Ila amesema televisheni na ile mashine apelekewe mdogo wetu. Mimi nilimwambia ni aibu. Nilimwambia."

"Ni vyake," akasema Bi Salma. "Vichukue." Kisha, kabla hajainuka, "La. Yeo usivichukue. Ndoo kesho, baada ya alasiri."

Nilirudi na nguo mikononi. Alikuwa ameketi vile vile. Akazipokea, akaanza kuzikunja moja moja, taratibu, na alipofika kwenye shati la kiume akalikunja pia kama zile nyingine, akaliweka juu ya rundo.

Kesho yake nilikimbia kutoka shuleni. Nilimkuta ameshaiwasha mashine, na kishikio changu kimewekwa mahali pangu. Simu haikuwapo mkekani. Tukapita bustani, tukapita pango, tukaingia majini. Muziki ukaanza. Nikangoja aweke kishikio chini kama kawaida.

"Mutheu," akasema, akitazama kioo. "Nikwambie kitu. Kabla hujaja hapa na ndoo yangu, siku moya nilisimama papa hapa majini, nikaenda jikoni kutia chai. Nikasikia mtu aimba. Nikasema, ni jini? Nikasikiza. Sauti yatoka ng'ambo ya ukuta, yaimba na muziki huu, haikosei. Nikarudi nikamsogeza huyu hatua mbili, akafa, muziki ukabadilika, sauti ikanyamaa. Siku ya pili nikajaribu tena. Nikisimama majini, yaimba. Nikitoka, yanyamaa."

"Nani alikuwa anaimba?"

"Nani tena? Wewe."

Sikujua. Naapa sikujua. Nilikuwa mtoto asiyetoa neno shuleni, niliyejibu maswali ya Mama kwa kichwa, na kumbe kila alasiri, mgongo ukutani, nilikuwa naimba kwa sauti ya kupita juu ya ukuta.

"Kwa hivyo sikuwa nikimngoja yeye peke yake," akasema Bi Salma. "Siku nyingine sikumngoja kabisa. Nilisimama ili usinyamae." Akashika kishikio kwa mikono miwili, akajiweka sawa. "Basi yeo twende mbele."

Ndipo nikagundua kwamba njia alikuwa anaijua siku zote. Alikipitisha kijitu katikati ya samaki, akakizamisha chini ya mwamba, akangoja mkondo upite, akakipandisha. Tulipoteza roho moja kwenye mwani. Tukapoteza ya pili mlangoni kabisa, mimi nikapiga ukelele. Kwa roho ya mwisho akanipa kishikio chake. "Wewe una mkono mwepesi. Mimi nitakwambia lini." Akanishika bega. "Ngoja. Ngoja. Sasa!"

Tukatoka majini.

Palikuwa na mahali peupe. Sasa najua ilikuwa theluji. Wakati ule mimi nilisema ni chumvi, na Bi Salma akasema ni pamba. Na muziki wake hatukuwa tumewahi kuusikia. Siwezi kuueleza vizuri zaidi ya kusema kwamba ulikuwa na hewa. Ulianza juu, pale ule wa maji ulipokuwa ukiishia, kana kwamba muda wote ule ulikuwa umefungiwa mlango na sasa umefunguliwa. Bi Salma aliweka mkono mdomoni. Sisi wawili tulisimama kabisa, hatukuketi, tukakitazama kijitu kikiteleza kwenye ule weupe na hatukujua cha kufanya. Kikateleza mpaka ukingoni, kikaanguka. Sauti zikaporomoka. Roho zikawa zimekwisha.

"Mekufa," nikasema mimi.

"Mekufa," akasema Bi Salma, na tukacheka.

Bwana Omari alipopiga hodi Bi Salma alikuwa ameshazima kila kitu na kuzizungusha nyaya. Televisheni ilifungwa juu ya punda kwa kamba na magunia. Bwana Omari alisema, "Nisamehe, Salma," na yeye akamjibu, "Wewe huna kosa. Ishike vizuri tu, pale kwenye mtaro punda hujikwaa."

Siku iliyofuata sikujua niende au nisiende. Sikuona sababu ya kwenda, mashine haipo. Nikala wali wangu, nikafunga mlango, nikaketi mahali pangu pa zamani, mgongo ukutani. Adhana ikaita, kukatulia. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wakiparura mchanga.

Halafu juu ya ukuta ikaja sauti ya Bi Salma mwenyewe. Alikuwa anauimba ule muziki wa mahali peupe. Alianza vizuri, akafika sehemu ya pili, akapotea, akaingia kwenye ule wa maji bila kutaka. Akarudia. Akapotea pale pale. Mara ya tatu sikuvumilia: nikainua uso kuelekea paani na kumwimbia kile kipande, kwa sauti yangu yote. Akanyamaza. Kisha akakirudia nilivyokiimba, akaongeza cha mbele yake, nami nikaongeza cha mbele yake tena. Tuliufuma hivyo alasiri nzima, yeye huku na mimi huku, muziki ambao wote wawili tulikuwa tumeusikia mara moja tu. Kuna kipande katikati hatukukipata. Tulikiruka.

Eda ilipokwisha Bi Salma alirudi kwa wazazi wake Matondoni, na baada ya miaka tukasikia ameolewa tena na ana watoto. Sisi tulihamishiwa bara. Nikiwa mtu mzima nimelitafuta gemu lile kwenye intaneti, nimefungua mamia ya vijitu vya samawati na kusikiza theluji za kila aina. Kaseti haikuwa na jina, nami sijalipata. Zamani hilo lilinitesa. Sasa kuna siku nafika kwenye ukurasa unaofanana nalo, nasita kubonyeza, nafunga.

Ila jioni ya siku ile, ya kuimba juu ya ukuta, Mama alirudi kazini na kunikuta nimesimama mlangoni, sauti imenikauka. Alivua viatu, akawasha jiko, akaanza kukata vitunguu. Nikaenda kusimama karibu naye.

"Mama. Baba aliitumia vizuri?"

"Alitumia nini?"

"Roho yake. Bi Salma alisema nikuulize wewe."

Kisu kikatulia. Nilidhani ataniambia nikale, na chakula hakikuwa bado tayari. Badala yake alizima jiko, akafuta mikono kwa gauni la kazi, akaketi kwenye kigoda. Kisha akaanza kunieleza. Alisema Baba alikuwa fundi wa baiskeli, na hilo nililijua, lakini akasema pia kwamba alikuwa akiwatengenezea watoto wa shule bure na kuwadanganya kwamba hakuna kilichoharibika. Alisema aliogopa mende. Alisema alipofahamu mimi nimezaliwa alikimbia mpaka hospitali akiwa na kiatu kimoja. Na alisema kila asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu aliimba wimbo mmoja wa kanisani, huo huo, mwaka baada ya mwaka.

"Wimbo gani?"

Mama akasafisha koo. Sijui kama alikuwa ameimba tangu siku ile ya chapati. Aliuimba chini chini, akitazama vitunguu, na mimi niliutambua, maana tulifundishwa Jumapili. Alipofika mstari wa tatu, pale ambapo kanisa zima hupanda, yeye akashuka.

"Umekosea hapo, Mama."

"Sijakosea," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anakosea hapo."

Akaanza tena toka mwanzo. Nikaimba naye, na tulipofika mstari wa tatu tukashuka pamoja.